Roda de samba Rio: usiku gani, usimame wapi, uguse nini

Tari_la_Pwani

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Rio de Janeiro kikazi. Mchana nimebanwa, jioni niko huru, na wikendi moja pamoja na Jumatatu yake zimo ndani. Sitaki lile onyesho la manyoya na bufe wanalouziwa wageni hotelini. Nataka roda de samba yenyewe: wapigaji wameizunguka meza, watu wamewazunguka wapigaji, nyimbo zinakwenda.

Niende wapi, siku gani? Mgeni anasimama wapi, anapiga makofi au anatulia? Kucheza kukoje? Nyumbani napiga tari na ngoma kwenye kikundi. Kuna namna ya kukaa mezani hata wimbo mmoja bila kuwaharibia? Na malipo yanakwendaje, maana nasikia kila kitu huko ni simu. Situmii pombe wala nguruwe, kama hilo linabadilisha chochote.

---

Kijiwe_cha_Lapa

Mkuu, Jumatatu ndiyo siku yako kubwa. Anayetoka kwetu, ambako muziki ni Ijumaa na Jumamosi, ataona ajabu, lakini sababu ni ya kikazi tu. Wikendi wapigaji samba wako kwenye harusi, kumbi na sherehe za watu. Jumatatu ni mapumziko yao, kwa hiyo wanakutana kujipigia wenyewe. Samba do Trabalhador, roda iliyoanzishwa na Moacyr Luz mwaka 2005, ilizaliwa kwa mantiki hiyo. Iko Clube Renascença, mtaa wa Andaraí, klabu iliyoanzishwa 1951 na Wabrazili weusi wa tabaka la kati ambao klabu za weupe zilikuwa zinawafungia milango. Kuna kiingilio. Inaanza alasiri, kwa hiyo fika saa kumi na moja jioni (saa zangu zote ni za Kiswahili). Ukijivuta hadi saa nne usiku utakuta wanakunja nyaya.

Jumatatu hiyohiyo usiku kuna Pedra do Sal, eneo la Saúde karibu na bandari. Haina kiingilio, iko nje kabisa, kwenye jabali lililochongwa ngazi. Inachangamka kuanzia saa mbili usiku. Unaweza kufanya zote mbili: Andaraí mpaka saa mbili na nusu, kisha gari hadi Largo da Prainha, hatua chache kutoka kwenye jabali. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Ngazi zile zimelainika kwa miaka mingi, na zikimwagikiwa bia zinateleza vibaya. Kandambili ziache kabisa, vioo vya chupa vipo.

Ukiwa eneo hilo, nenda mapema wakati bado kuna mwanga uone Cais do Valongo, gati lililojengwa 1811 ambako walishushwa Waafrika waliotekwa, wengi wao wa Kongo na Angola, na wengine wa Msumbiji. Lilifukiwa, likafukuliwa 2011, na UNESCO ikaliorodhesha 2017. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Pedra do Sal. Kitongoji chote hicho kinaitwa Afrika Ndogo, na samba ya mjini Rio ililelewa humo na jirani yake Praça Onze, kwenye nyumba za wanawake waliohamia kutoka Bahia, jimbo la kaskazini-mashariki. Anayetajwa zaidi ni Tia Ciata (1854–1924).

Wikendi nenda Cacique de Ramos, kaskazini mwa jiji, Rua Uranos. Ni kikundi cha kanivali kilichoanzishwa 1961, na roda yake siku hizi ni ya Jumapili. Uani kuna mkwaju. Ndiyo, mkwaju huuhuu wa ukwaju, na wenyewe wanauheshimu, kwa hiyo usining'inize begi wala kuuegemea kama nguzo. Hapa utaona familia nzima, bibi na mjukuu. Kwa kuisikiliza samba hasa, hapa panaipita Pedra do Sal.

Copacabana kuna Bip Bip, baa ya mwaka 1968, ndogo kama duka la mtaani. Samba ni baadhi ya siku za juma, Jumapili ikiwa mojawapo. Sheria zake ni kali: watu hawazungumzi wakati wa muziki, na badala ya kupiga makofi wanaalisha vidole, maana makofi yangewasumbua majirani ghorofani. Bia unaichukua mwenyewe kwenye friji na kumwambia anayeandika. Ukienda na kundi la watu wanaopenda kupiga soga, hapo si penu.

Kama tarehe zako zinaweza kusogea mpaka mwanzoni mwa Desemba, sogeza. Tarehe 2 Desemba ni siku ya samba, na kuna treni ya samba kutoka kituo cha Central hadi Oswaldo Cruz, kila behewa na roda yake.

---

NyuziSaba

Kijiwe kamaliza upande wa ramani. Mimi nizungumzie meza, kwa sababu ukishaijua meza maswali yako mengine yatajijibu.

Anayeshika usukani ni kavakinyo, ambayo kwenye mabango utaiona imeandikwa cavaquinho. Ni kigita kidogo cha nyuzi nne za chuma, zimepangwa D-G-B-D. Ndiye anayeanzisha wimbo: mwimbaji anamtajia ufunguo, yeye anapiga mzunguko mfupi kuwaonyesha wengine. Katika ufunguo wa C mzunguko huo mara nyingi ni C, A7, Dm, G7. Ukisikia mzunguko huo bila sauti ya mtu, wimbo mmoja umekwisha na mwingine unakuja. Wakati huo usipige kelele, watu wanasikilizana.

Gita la nyuzi saba ndilo linalotembea chini. Uzi wa saba kwa kawaida hushushwa hadi C, na kazi yake ni kujaza mwisho wa kila mstari kwa misururu ya besi. Mwenye gita la nyuzi sita akianza naye kupiga besi zake, zile mbili zinagongana na sauti ya chini yote inakuwa uji. Ndiyo maana gita la pili hukaa juu, au halikaribishwi kabisa.

Halafu ngoma. Surdo ndilo pipa kubwa lenye pigo zito. Kwenye roda nyingi utakuta badala yake tantan, ngoma ndefu nyembamba inayolazwa mapajani: mkono mmoja kwenye ngozi, mwingine unagonga ubavuni. Iliingizwa na Sereno wa kikundi cha Fundo de Quintal mwishoni mwa miaka ya 1970, palepale Cacique, kwa sababu inapigwa kwa mikono mtu akiwa amekaa na haihitaji fimbo. Mwenzake Ubirany akatoa ngozi ya chini ya ngoma nyingine ya gwaride, akaipiga kwa vidole. Ikawa repike ya mkono. Almir Guineto naye akaleta banjo yenye shingo na mpangilio wa kavakinyo, kwa sababu rahisi: uani hakukuwa na spika, na kavakinyo ilikuwa inamezwa na ngoma na makofi. Banjo inakata. Mwaka 1978 mwimbaji Beth Carvalho akawaita studio, na tangu hapo karibu kila roda ya Rio inasikika hivyo. Sasa wana maikrofoni mezani, lakini banjo haijaondoka.

Juu ya hayo kuna pandeiro, ndugu wa tari lako, lenye jozi tano hivi za njuga, na tamborim, kigoma cha inchi sita kisicho na njuga kinachopigwa kwa kijiti. Tamborim ndiyo saa ya meza. Ina mapigo 9 ndani ya nafasi 16, na mzunguko umegawanyika 7 na 9 badala ya 8 na 8. Hapo ndipo wageni wanapopotea, hata wapigaji wazuri: sikio linataka kuugawa katikati, mkono unafuata sikio, na baada ya mizunguko miwili umegeuka upande usio wako. Wewe umesimama kwenye 7, meza iko kwenye 9. Hakuna atakayekukemea, lakini utaona macho.

Kuika, ile ngoma inayolia kama mtu analalamika, ina kijiti kilichofungwa katikati ya ngozi kwa ndani. Mpigaji anakisugua kwa kitambaa kibichi, na kidole cha mkono wa pili kinabonyeza ngozi kwa nje kupandisha sauti. Naitaja kwa sababu watu huizunguka kupiga picha na kumbana mpigaji kiwiko. Mpe nafasi.

Idadi zina maana. Tantan moja. Kavakinyo moja. Pandeiro moja, mbili zikizidi. Ngoma mbili za chini hata zikipigwa na mabingwa hazitui pamoja kabisa, na ule mpishano mdogo unaua uzito wa pigo la pili. Kwa hiyo unapoona kiti kitupu mezani usidhani kinamsubiri mtu. Pengine mwenyewe ameenda kununua maji.

---

Kiboko_wa_Katanga

Nyongeza ndogo kwa NyuziSaba. Mapigo hayo 9 katika 16, kwa mgawanyo huohuo wa 7 na 9, yapo huku kwetu: Angola ya mashariki, kaskazini-magharibi ya Zambia, kusini mwa Kongo. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik aliandika kuhusu hilo mwaka 1979. Mwenye kukua na ngoma za upande huo hatageuzwa na tamborim, labda na bia.

---

Dada_Miguu

Makofi na kucheza, mkuu.

Samba inahesabiwa mbili kwa mbili, na uzito uko kwenye pigo la PILI. Sisi tuliozoea kukanyaga la kwanza tunapiga kofi kubwa pale ambapo surdo linapumua, na kofi la watu thelathini mahali pabaya lina nguvu kuliko spika. Sikiliza ngoma ya chini kwanza, mizunguko kadhaa, mikono mfukoni. Ukishasikia "tu… TUM, tu… TUM", piga makofi mepesi kwenye mapigo yote mawili, sawasawa, bila madoido. Hayo hayamharibii mtu. Yale makofi ya kukatakata wanayopiga wenyeji yafuate kwa kumwangalia jirani, si kwa kubuni. Na hayapigwi usiku kucha: mwimbaji atakapotaka atanyanyua mikono na kuomba, mara nyingi kwenye kiitikio, na ngoma zitashuka ili makofi yasikike. Akishusha mikono, nawe shusha.

Kiitikio ndiyo kazi halisi ya mliosimama. Roda isiyoitikiwa inachosha wapigaji haraka. Kabla ya safari chukua nyimbo tano au sita za Cartola, Dona Ivone Lara, Candeia, Zeca Pagodinho na Fundo de Quintal, ujifunze viitikio tu, hata kama Kireno hujui. Ukiimba kiitikio kwa wakati wake, duara linakufungukia lenyewe.

Ila kuna mahali pa kunyamaza. Kwenye partido-alto, samba ya kujibizana, kiitikio ni cha wote, lakini beti zinatungwa papo hapo na wachache wanaojibizana, mmoja anatupa, mwingine anarudisha. Mgeni akidakia ubeti wa mtu kwa shangwe, anamkatia pumzi katikati ya vina. Subiri kiitikio kirudi.

Miguu: kwa kila pigo uzito unahama mara tatu. Mguu wa kulia unarudi nyuma kidogo kwa ncha, wa kushoto unakanyaga palepale, wa kulia unarudi mahali pake. Pigo linalofuata unaanza na wa kushoto. Magoti yamelegea muda wote, mabega yametulia. Kiuno hakitikiswi kwa makusudi, kinatikisika kwa sababu magoti yanafanya kazi. Anayekitikisa kwanza huchelewa miguu. Kosa la pili ni kurukaruka. Nafasi yako haizidi hatua moja kila upande, kwa hiyo nyayo zisipande zaidi ya kimo cha kidole. Anza polepole, roda ina mwendo wa wastani, mapigo 85 hadi 105 kwa dakika. Yale mambo ya mbio unayoyaona kwenye kanivali ni samba nyingine, ya gwaride.

Na kwa Rio hakuna anayeingia katikati kucheza. Katikati kuna meza.

---

Kijiwe_cha_Lapa

Hilo la gwaride lisisitizwe. Usije ukapelekwa kwenye mazoezi ya shule ya samba, yaani kikundi kikubwa cha gwaride la kanivali, ukadhani umeona roda. Shule ina ukumbi wake, ngoma mamia zimesimama, wimbo mmoja wa mwaka unarudiwa hadi ukalale nao. Ni raha yake, lakini ni kitu kingine. Isipokuwa Portela, Madureira, wana Jumamosi moja ya feijoada (mlo wa maharage meusi na nguruwe) kila mwezi, na wazee wa shule huimba samba za zamani. Hiyo iko karibu zaidi na unachotafuta.

---

UshangaMweupe

Wakuu, mmezungumza Rio kana kwamba roda ni Rio peke yake. Roda ya Bahia, kwenye miji ya Recôncavo kama Cachoeira, São Félix na Santo Amaro, ina taratibu tofauti kabisa, na mtu akitoka Rio na tabia za Rio ataudhi. UNESCO iliitangaza samba de roda ya huko mwaka 2005.

Huko katikati ya duara ni pa kuchezea. Katika samba chula, wakati chula, yaani mistari ya waimbaji, inaimbwa hakuna anayecheza, hakuna. Wanaume wawili wanaimba mistari kwa sauti mbili, wengine wawili wanawajibu, na duara limetulia. Waimbaji wakinyamaza na vinanda vikabaki peke yake, mwanamke mmoja anaingia. Mmoja tu. Anacheza kwa nyayo zinazoteleza chini karibu bila kunyanyuka, anawapitia wapigaji mmoja mmoja kuwaheshimu, kisha anakwenda kwa mwanamke mwingine kwenye duara na kumgusa tumbo kwa tumbo, au anaashiria tu mguso huo. Aliyeguswa ndiye anayefuata. Ukiingia bila kuguswa umepora zamu ya mtu. Wanaume wageni kwa kawaida wabaki kwenye makofi, ambayo huko huenda kwa hesabu ya 3, 3, 2, na wakati mwingine yanasindikizwa na vibao viwili vya mbao au kisu kinachokwangua ukingo wa sahani. Kisu na sahani ni ala kamili, si mzaha, na mara nyingi mpigaji ni mwanamke.

Samba corrido ni nyepesi zaidi: kuimba na kucheza huenda pamoja, kiongozi anatupa mstari, wote wanajibu, na anayeingia anaweza kuwa zaidi ya mmoja. Ukishindwa kutofautisha, angalia katikati. Pakiwa tupu huku watu wanaimba, tulia.

Katikati ya Agosti, Cachoeira ina sikukuu ya dada wa Boa Morte, chama cha kidini cha wanawake weusi. Ibada zikiisha, samba inafuata. Kwa anayetaka kuona duara la Bahia bila kuhangaika kutafuta, wakati ni huo.

---

Tari_la_Pwani

Ahsanteni sana, hasa Dada kwa hilo la pigo la pili, ningelianguka hapo. Lakini bado swali la kukaa mezani. Na malipo.

---

NyuziSaba

Kukaa mezani kunawezekana, kuna njia yake. Kwanza tofautisha roda. Ile yenye jukwaa, kiingilio na majina kwenye bango imefungwa, wapigaji ni waajiriwa. Ile ya baa ndogo au ya mtaani huachia nafasi, kwa kawaida saa ya mwisho, wakati wenyewe wamechoka. Kuomba nafasi huko huitwa kuomba kanja.

Usiombe katikati ya wimbo. Nyimbo zinaunganishwa kwa misururu mirefu, kisha kuna mapumziko ya dakika kumi na tano au ishirini. Wakati wa mapumziko mfuate mwenye kavakinyo au anayeongoza kuimba, si yule wa pandeiro ambaye kiti chake unakitaka. Sema unapiga nini na unatoka wapi. Akisema "baadaye", kaa karibu, usirudi kumkumbusha. Akikuita, keti, na wimbo wa kwanza piga nusu ya unachokijua, kwa sauti ndogo kuliko ya jirani. Ukimaliza wimbo huo nyanyuka mwenyewe kabla hujaambiwa. Hapo ndipo unapoombwa ukae.

Tari: mkono wako utakudanganya. Kwenye tari na dufu chombo kinatulia na vidole vinasafiri. Kwenye pandeiro mkono unaoshika nao unafanya kazi, unazungusha kifundo ili ngozi iufuate mkono unaopiga: dole gumba, ncha za vidole, kisigino cha kiganja, ncha tena, na njuga zinatoka sawa kwa nafasi zote nne za pigo. Mshikaji akikaza kifundo, njuga zinasikika mbili kali mbili butu na mdundo unachechemea. Dakika tano tu za hivyo na mkono unashika ganzi. Jizoeze hapa kabla ya safari, polepole, hata kwa tari lenyewe, mpaka nafasi nne zilingane.

Ukinunua pandeiro huko, chukua la nailoni la inchi 10 au 11. Ngozi ya mnyama ina sauti tamu zaidi, ila kwa unyevu wa pwani, kwao na kwetu, inalegea jioni ile ile, na ukiikaza usiku, mchana wa jua inajivuta mpaka kupasuka. Ukiacha ya ngozi bila kupigwa, ilegeze skrubu robo mzunguko kila moja, kwa kuruka upande wa pili na si kwa kufuatana, la sivyo pete inapinda.

Na usiwabebee ganzá au kayamba ukidhani ni salama kwa sababu ni ndogo. Kayamba iliyochelewa inasikika kuliko ngoma iliyokosea, kwa sababu sauti yake iko juu ya wote. Wala usiweke glasi mezani, na chombo kilicholala kitini usikiguse hata kwa kidole.

Wanavyovilinda vyombo kuna historia. Sheria ya uzururaji ya 1890 iliwapa polisi sababu ya kuwakamata wapigaji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 João da Baiana alinyang'anywa pandeiro lake akienda sikukuu ya Penha, akakosa shughuli kwa seneta Pinheiro Machado, na seneta akamtengenezea jingine lenye sahihi yake ili polisi wasimguse.

---

Bi_Hesabu

Malipo, kwa kifupi. Wabrazili wanalipana kwa Pix, mfumo wa Benki Kuu yao ulioanza Novemba 2020. Usiutegemee, kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya huko. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, hata kwa wachuuzi wengi, lakini beba pia noti ndogo za reali kwa kofia. Kwenye roda ya bure, kofia au ndoo ikipita ndiyo mshahara wa meza. Weka kitu.

Kwenye baa kuna ada ya muziki kwa kichwa, inaandikwa kwenye bili, na asilimia 10 ya huduma ambayo ni hiari ingawa karibu wote wanailipa. Mahali pengine kwanza unanunua tiketi kwa keshia, kisha unaipeleka kaunta. Ukienda kaunta na pesa mkononi utaambiwa urudi foleni. Kwa mchuuzi wa kadi, soma kiasi kwenye mashine kabla ya kugusisha, na kioo cha mashine kikiwa kimepasuka au giza, ghairi.

Chakula: feijoada ni maharage meusi yaliyopikwa na nguruwe, masikio na miguu ikiwemo, kwa hiyo kaka yangu iruke. Supu ya maharage ya kikombe nayo mara nyingi ina mafuta ya nguruwe, uliza. Salama kwako ni muhogo wa kukaanga, jibini la kuchoma kwenye kijiti, vitumbua vya samaki chewa, na ukibahatika mama wa Kibahia, bhajia zao za kunde zilizokaangwa kwa mawese na kujazwa kamba. Vinywaji kuna soda ya guarana, maji ya dafu, na chai baridi yenye limau, ya majani wanayoyaita mate. Hakuna anayekulazimisha pombe. Wanaokunywa wajue kaipirinya, kinywaji cha ndimu na sukari, ina kachasa (pombe kali ya miwa) ya asilimia 38 hadi 48, na kikombe cha mtaani ni kikubwa. Bia inakuja chupa ya mililita 600 na glasi ndogo ndogo, inanywewa kwa pamoja. Kuagiza chupa na kukaa nayo peke yako kunaonekana uchoyo.

---

Mtu_wa_Saúde

Naomba nipingane kidogo na Kijiwe. Pedra do Sal ya Jumatatu siku hizi ni umati. Ukifika saa tatu usiku hutaiona meza, utasikia spika tu na nusu ya watu wanaongea migongo yao ikiwa kwenye muziki. Ama fika saa moja usimame ngazi za chini upande wa meza, ama kubali kwamba umekwenda kuona watu. Kwa usiku mmoja tu, mimi ningechagua Renascença.

Simu: umati ule ndio soko la wezi wa simu. Mfuko wa mbele, na ukitaka kupiga picha piga mara moja kisha irudishe. Kuinua simu juu ya vichwa vya wapigaji wimbo mzima ni adabu mbaya hata kama haiibiwi.

Kurudi: metro inafungwa saa sita usiku Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili saa tano. Kituo cha Uruguaiana kinafikika kwa miguu kutoka Saúde, ila katikati ya mji ofisi zikifungwa mitaa inakuwa mitupu, kwa hiyo usiku usitembee. Ita gari ukiwa ndani ya watu, Largo da Prainha, usiliite ukiwa kwenye kona ya giza.

---

Kijiwe_cha_Lapa

Nakubaliana na Mtu wa Saúde kuhusu umati. Bado ningempitisha pale, kwa sababu ya mahali penyewe, kisha aende zake.

---

Tari_la_Pwani

Sawa wakuu. Renascença kwanza, Pedra do Sal nipite, Jumapili mkwajuni. Mvua ikinyesha?

---

Mtu_wa_Saúde

Pedra do Sal haina paa, mvua kubwa ikinyesha hakuna roda. Kuna roda zinazotangaza mchana kwenye ukurasa wao wa Instagram kama ipo au haipo, angalia baada ya saa tisa alasiri kabla hujalipa gari. Renascença piga simu klabuni, Kireno kidogo kinatosha: "tem samba hoje?" Wakisema "tem", nenda.